Kutoka Hanang hadi Mbeya: safari ya kuitazama milima iliyoporomoka

Jumamosi, Arusha hadi Katesh

Basi la Singida limeondoka Arusha alfajiri, na tulipofika Makuyuni abiria wengi walikuwa usingizini. Mimi sikulala. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi wa kidato cha pili mada ya maporomoko ya ardhi. Wananakili maana yake ubaoni, wanajibu mtihani, wanafaulu. Halafu mvua za vuli zinaanza na redio inataja vijiji ambavyo baadhi yao wametoka. Likizo hii ya Juni nimeamua kwenda kuyaona maeneo yenyewe: Hanang, Upare, Usambara, Uluguru, mwisho Mbeya. Juni ni mwezi unaofaa kwa kazi hii. Masika yamekwisha, makorongo yamekauka, barabara za milimani zinapitika, na pale ardhi ilipokatika panaonekana vizuri.

Hata Arusha tuliyoiacha nyuma ina habari yake. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Mlima Meru ulibomoka, kifusi chake kikatandazwa hadi mbali upande wa Kilimanjaro. Watalii wanaokwenda kupiga picha heroe kwenye maziwa ya Momela wanakanyaga kifusi hicho hicho, ila kimeota nyasi na miti hadi hakuna anayekitilia shaka.

Ukishapita Babati na Dareda, Hanang unajitokeza peke yake. Ni volkeno iliyolala, yenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, imezungukwa na mashamba ya mahindi na ngano. Mlima mzuri mno. Nimeutazama kwa mapenzi na kwa hofu, vyote kwa pamoja, hadi kondakta akaniuliza kama nashuka au naendelea na safari.

Katesh nimekula kwa mama lishe mmoja jirani na soko. Aliposikia nimekuja kwa habari ya mlima hakushangaa. "Uliza tu, mwalimu. Sisi tumeshazoea kuulizwa." Akasimulia huku anageuza chapati. Mvua ilinyesha usiku kucha kuamkia Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023. Kulipokaribia kupambazuka wakasikia mngurumo kutoka juu, mrefu, usiokatika kama radi inavyokatika. Wapo waliodhani mlima umelipuka upya. Haikuwa hivyo. Wataalamu wa jiolojia wa serikali walieleza baadaye kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikalemewa, ikakatika. Kifusi kikachanganyika na maji kikawa tope zito lenye mawe na magogo, likashuka kwa kufuata makorongo na kuingia mjini. Kwa hesabu ya serikali walikufa watu 89. Rais Samia alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akaikatisha safari akarudi.

Nilimuuliza mama lishe mwenyewe alisalimikaje. Akasema chumba alichopanga kilikuwa upande wa pili wa barabara, juu kidogo, na kodi yake ilikuwa ghali kuliko vyumba vya huku chini. Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa akitafuta namna ya kuhamia huku.

Jumapili, Jorodom

Kijana anayewaongoza wapanda mlima amenipeleka Jorodom, mguuni mwa Hanang, tukafuata korongo kwenda juu. Mawe mengine yaliyoshuka siku ile ni makubwa kuliko gari dogo. Watu wameshaanza kuyapasua kwa kokoto.

Tukafika mahali ambapo maji yameuchonga ukingo wa korongo ukasimama wima kupita kimo changu. Hapo nimekaa muda mrefu kuliko popote leo. Juu kabisa kuna tope la 2023, la kijivu, limeshikamana na mawe na vipande vya mizizi. Chini yake kuna tabaka la udongo mweusi, upana wa kiganja, udongo wa shamba, na nimechomoa humo bua la mahindi lililooza nusu. Chini ya udongo huo mweusi kuna mawe tena na tope gumu la kijivu, nene kupita urefu wa mkono wangu. Kisha udongo mweusi mwingine, mwembamba. Kisha mawe.

Nikamwita kijana aje aone. Sikuhitaji kumweleza. Alipitisha kidole kutoka juu hadi chini, akasema, "Kumbe ilishakuja."

Ilishakuja, na zaidi ya mara moja. Kila tabaka jeusi ni miaka mingi ya utulivu ambamo nyasi ziliota, ng'ombe wakalishwa, pengine watu wakalima. Kila tabaka la mawe ni siku moja.

Tukiwa tunashuka tumekutana na mzee wa Kibarbaigi na mbuzi wake. Nimemwamkia, akaitikia, tukakaa kivulini. Nilitaka kujua kama wazee wake waliwahi kusimulia jambo kama hili. Akafikiri kwanza. "Baba yangu hakuliona, mwanangu. Na babu hakulisimulia." Ndipo nilipoelewa kitu ambacho vitabu vyangu vya kufundishia havikisemi waziwazi. Tambarare nzuri chini ya mlima, ile yenye udongo mzuri na maji karibu, ile tunayoichagua kwa soko na stendi na shule, imeletwa hapo na mlima wenyewe. Kumbukumbu ya binadamu inafika kwa babu, au kwa baba wa babu. Ya ardhi inakwenda mbali zaidi, na iko wazi ukingoni mwa korongo kwa yeyote atakayesimama kuitazama.

Jioni nimepelekwa Waret, ambako waliopoteza makazi wamejengewa nyumba mpya, zaidi ya 100. Ni nyumba za maana, ziko mbali na makorongo, na waliosimamia kazi hii wanastahili shukrani. Kinachonisumbua ni ardhi iliyoachwa kule chini. Ina rutuba na iko jirani na mji. Nimeona mahindi yaliyovunwa juu ya tope lenyewe. Kulima mchana sioni kosa. Ila kibanda cha kulinda mazao huwa chumba, chumba huwa nyumba, na miaka 20 ikipita anayejenga atakuwa mtu ambaye mwaka 2023 alikuwa hajazaliwa.

Jumatatu, barabarani

Katesh, Babati, Arusha, Moshi, Same. Siku nzima kwenye mabasi. Same nimelala kwenye nyumba ya wageni yenye mbu wengi.

Jumanne, Maore na Mamba Miamba

Asubuhi nimepanda Noah ya kwenda Maore kwa njia ya Kisiwani. Kulia milima ya Upare imesimama kama ukuta, kushoto ni nyika ya Mkomazi, kavu, yenye vumbi. Maore tumebadili gari tukaanza kupandisha.

Hapa milima ni ya aina nyingine kabisa. Hanang ni volkeno. Upare, Usambara na Uluguru ni Milima ya Tao la Mashariki, miamba ya kale sana, migumu, ambayo haikutoka kwenye volkeno yoyote. Ugumu huo huwapa watu matumaini yasiyo sahihi, kwa sababu kinachoporomoka ni udongo uliolala juu ya mwamba. Mvua ikinyesha siku nyingi, maji hupenya hadi kwenye mwamba, na mwamba hauyapitishi. Yanajikusanya pale mpakani, yanaanza kuusukuma udongo kwa chini, na udongo wenyewe umeshakuwa mzito kwa maji uliyoyanywa. Mteremko wote unakuwa mkeka uliotandikwa juu ya sakafu iliyomwagiwa maji ya sabuni. Unaweza kukaa hivyo usiku kucha. Unaweza pia usikae.

Gari lilichemsha kwenye kona moja, dereva akasimama kuongeza maji. Nikashuka kutazama pale barabara ilipochongwa kwenye mlima. Juu, udongo mwekundu mkavu unaomomonyoka ukiugusa. Chini, mwamba wa kijivu wenye mistari. Nimeingiza kidole pale vinapokutana. Palikuwa pabichi, wiki kadhaa baada ya mvua ya mwisho kunyesha, na kidole kilitoka na udongo laini unaoteleza. Dereva akauliza, "Mwalimu, umepoteza nini?" Nikamwonyesha. Akasema kona hiyo kila masika inashuka kidogo na greda linakuja kusafisha. Nikamuuliza greda linakata wapi. Chini, akasema, pale pale mguuni. Yaani kila mwaka tunakiondoa kile kinachoushikilia mteremko usishuke, na kila mwaka tunashangaa umeshuka.

Goha, kijiji cha Mamba Miamba, tumefika baada ya adhuhuri. Novemba 2009, baada ya siku za mvua isiyokatika, ardhi ilikatika hapa ikafukia nyumba, wakafa watu zaidi ya 20. Mzee aliyenipeleka mahali penyewe alisimama mbali kidogo akaniacha nitazame. Sikumuuliza alimpoteza nani. Mteremko umerudi kuwa wa kijani, una migomba na kahawa, na mtu asiyeambiwa angepita tu. Ukiangalia vizuri lakini utaona bonde lile limeingia ndani kama pamechotwa kwa kijiko, na juu kwenye ukingo udongo bado umesimama wima. Nyumba zilizofukiwa zilikuwa pale ambapo mteremko unapumzika, kwenye sehemu ya usawa. Nani asingejenga hapo? Milimani sehemu ya usawa ni bahati.

Zao la Mamba Miamba siku hizi ni tangawizi, na kiwanda cha kuisindika kipo. Tangawizi inataka udongo uliochimbwa ukalegea, na siku ya kuvuna unaufumua wote tena, kwenye mteremko ambao mimi nilikuwa nikiupanda kwa kushika majani. Mama aliyenikaribisha chai alinionyesha shamba lake. Juu, karibu na mpaka wa jirani, kuna ufa unaotembea kama hatua 15 kwa kuuambaa mteremko, na mahali pengine unaingiza ngumi. Yeye huujaza majani makavu ya migomba ili watoto wasivunje miguu.

Nilimwambia ninachokijua. "Mama, ufa huu ni mdomo. Majani hayazuii maji, yanayakaribisha. Uzibe kwa udongo wa mfinyanzi, ushindilie kabisa, halafu juu yake chimba mfereji wa kuyapeleka maji ya mvua pembeni, kwenye miamba. Piga vigingi viwili vya mti, kimoja kila upande, upime umbali kila Jumapili. Vigingi vikianza kuachana, usilale kwenye nyumba ile ya chini." Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na nikalale wapi, mwalimu?" Ana watoto watatu, na tangawizi ya shamba hilo imemsomesha wa kwanza hadi chuo cha ualimu. Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani jibu ni la kwake peke yake kulitafuta. Kijiji kinapaswa kujua kabla ya Novemba ni nyumba zipi zitahama mvua ikizidi, na zitapokewa na nani.

Alhamisi, Lushoto

Jana nilishinda njiani tena hadi Mombo. Leo nimepanda Lushoto kwa ile barabara nyembamba, kilomita 30 na kitu za kona, korongo upande mmoja na jabali upande mwingine. Kila baada ya mwendo mfupi kuna rundo la mawe lililosukumwa pembeni. Mvua kubwa ikipiga hapa, Lushoto nzima inakatika na dunia: kabichi zinaozea Soni, mgonjwa wa rufaa anasubiri tingatinga.

Usambara wana somo kubwa la kutufundisha. Mzee mmoja wa karibu na Soni amenitembeza kwenye shamba lake la mteremko. "Karibu mgosi," ameniambia, "tembea kwa kukanyaga nilipokanyaga." Kila baada ya hatua chache kuna mstari wa majani ya guatemala yaliyopandwa kwa kuuambaa mlima, na nyuma ya kila mstari udongo umejijaza wenyewe hadi pamekuwa ngazi. Mbegu za majani hayo, anasema, aliletewa na mradi wa hifadhi ya udongo wa miaka ya 1980. Ng'ombe anakula majani, samadi inarudi shambani, ngazi inazidi kuimarika.

Nilimuuliza kwa nini majirani wengi hawana. Akacheka kidogo, halafu akasema kwa uzito, "Baba yangu alilimishwa matuta kwa nguvu." Hiyo ni habari ya kweli ya milima hii. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Waingereza ililazimisha watu kuchimba matuta, huku Usambara kuanzia mradi wa Mlalo mwaka 1946, na kule Uluguru pia. Asiyechimba alipigwa faini. Watu walikataa, na Uluguru mwaka 1955 ikawa ghasia. Ukoloni ukaondoka, na matuta yakaondoka nao, mema na mabaya yake. Nadhani wataalamu wetu wanaokwenda vijijini na amri mkononi wangefaa kuanza kwa kuisoma historia hiyo. Mkulima hakuyachukia majani ya guatemala. Aliichukia bakora.

Tahadhari moja ya kitaalamu: ngazi zinazozuia maji ni nzuri kwa mmomonyoko, lakini kwenye mteremko mkali wenye udongo mzito juu ya mwamba, maji yanayozuiwa ndiyo yanayopenya kwenda kuusukuma udongo kwa chini. Mahali pa namna hiyo maji yaelekezwe nje taratibu, na mizizi mirefu iongezwe. Mzee alikuwa analijua hilo bila kufundishwa. Ngazi zake zimeinama kidogo upande mmoja.

Jumamosi, Mgeta

Ijumaa yote iliishia njiani, Mombo hadi Morogoro. Leo nimepita Mzumbe, nikapandisha Uluguru hadi Nyandira.

Mgeta ni bustani. Kabichi, karoti, njegere, mbuzi wa maziwa kwenye vizimba vya kuinuliwa, ukungu unaoshuka na kupanda. Na ndipo mahali ambapo maporomoko yalichunguzwa kwa makini kuliko pengi Afrika. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa muda usiofika saa tatu. Siku hiyo moja kulitokea maporomoko zaidi ya 1,000. Wanajiografia Anders Rapp na Paul Temple waliyapima na kuyaandika. Mengi yalikuwa madogo, kina cha mita 1 hadi 1.5, lakini yalikuwa kila mahali, na matope yake yaliungana mabondeni. Na walipotazama yalianzia wapi, karibu yote yalianzia kwenye mashamba na kwenye nyasi za mashamba yaliyolazwa. Yaliyoanzia msituni hayakufika asilimia 1.

Takwimu hiyo nimeifundisha miaka mingi. Kusimama mahali penyewe ni jambo jingine. Kutoka juu ya Nyandira unaona mstari ambapo msitu wa hifadhi unaishia na vitalu vya mboga vinaanza, na mlima ni ule ule, mteremko ni ule ule, mvua ni ile ile. Tofauti ni mizizi iliyofunga udongo, na majani yanayoinywa mvua na kuirudisha hewani.

Basi tupande miti, kila mtu atasema. Nimezungumza na mkulima mmoja wa rika langu aliyekuwa akimwagilia njegere. "Shamba hili ni la ukoo wa mke wangu," ameniambia. Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. "Nikipanda karoti hakuna neno. Nikipanda miti, wajomba watauliza napanda kwa niaba ya nani." Mti ni kama sahihi kwenye hati. Kwa hiyo anayetaka miti Mgeta aanze kwa kukaa na ukoo, wajomba na kina mama wenye ardhi wakiwepo, ndipo agawe miche. Sijaona bango lolote la mradi linalosema hivyo.

Mchana nimealikwa shule ya msingi, mwalimu mwenzangu ana kitu cha kunionyesha. Ni kopo la rangi, la lita nne, lenye kuta zilizonyooka, limefungwa kwenye nguzo katikati ya uwanja mbali na miti. Ndani kuna rula. Maji yakisimama milimita 40, imenyesha milimita 40, kwa sababu upana wa kopo ni ule ule juu na chini. Kila asubuhi saa moja mwanafunzi wa zamu anasoma, anaandika daftarini, anamwaga. Daftari lina kurasa na kurasa za hati za watoto. Nimelishika kwa heshima. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari kwa mkoa mzima, na ni msaada mkubwa, lakini mkoa wa Morogoro una Kilombero na una Mgeta. Mvua inayovunja mteremko wa Nyandira inaweza isidondoke hata tone mjini. Kopo hili linajua kinachotokea hapa.

Tatizo tulilijadili hadi giza. Kopo linasomwa saa moja asubuhi. Katesh waliamshwa na tope alfajiri. Nani atasoma kopo saa nane usiku, na akisoma, ana mamlaka gani ya kumwambia mtu mzima na watoto wake watoke kitandani waende mvuani? Mwalimu anasema kengele ya kanisa inasikika hadi ng'ambo ya bonde. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kwenye safari hii nimeuliza ofisi za vijiji kuhusu kamati hiyo. Kwingine nilitajiwa wajumbe wote, kwingine niliombwa nieleze ni kamati gani. Kamati ya kweli mimi ningeitambua kwa swali moja tu: ufunguo wa kengele anakaa nao nani usiku?

Tumekubaliana kitu kidogo. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, wanafunzi wawili wanaoishi jirani na shule na mzazi mmoja watasoma kopo hata usiku, na mwalimu atazungumza na paroko kuhusu kengele. Zile milimita 100 kwa saa tatu za mwaka 1970 ameziandika kwa chaki nyekundu juu ya mlango wa ofisi, na chini yake 50, ya kuanza kuamshana.

Jumatatu, Mbeya

Nimesafiri Jumapili nzima, Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako. Kitonga tulisimama kusubiri malori, nikatazama miamba iliyoning'inia juu ya barabara, na sina zaidi la kusema kuhusu Kitonga.

Leo nimekwenda Itezi. Tarehe 14 Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere likafukia nyumba na shule ya binafsi. Hakufa mtu, na pengine ndiyo maana nchi imesahau haraka. Udongo wa upande huu una majivu mengi ya volkeno, mwepesi mkononi, na ukinywa maji huwa kitu kingine kabisa. Nimeokota kipande cha pumisi njiani, jiwe linaloelea majini. Mlima uliojaa vitu vya namna hii unabeba maji mengi usiyoyaona.

Mji unapanda. Ndilo jambo lililonigusa Mbeya kuliko yote. Kule Upare watu wako mlimani kwa sababu ni kwao tangu enzi. Hapa wanahamia mlimani sasa hivi, mwaka huu, kwa sababu viwanja vya chini vimewashinda bei. Tofali zimepangwa, misingi imechimbwa, na kila msingi umekata mguu wa mteremko ili kupata usawa.

Nikiwa nauliza njia nimekutana na kijana fundi pikipiki, ana mke na mtoto mchanga. Amefurahi kunionyesha kiwanja anachonunua. "Mwalimu, angalia kilivyo tambarare. Hakina hata jiwe." Nilitazama. Kiwanja kimekaa mdomoni mwa korongo, ni tambarare kweli, na udongo wake ni wa kijivu, laini, mgeni kwa udongo mwekundu wa jirani. Nikamwomba twende kwa balozi wa pale.

Balozi ni mama wa makamo. Ametusikiliza, akatoka na kanga yake mabegani, akatupeleka hadi kwenye ukuta wa nyumba iliyobaki imesimama hatua kama 30 kutoka kiwanjani. Kwenye ukuta kuna mstari, usawa wa kifua changu. Juu yake rangi ni nyeupe, chini yake ni ya udongo. "Hapa ndipo lilipofika," amesema. "Hicho kiwanja chako kilikuwa na nyumba, mwanangu. Tope walilitandaza na greda."

Kijana alikuwa ameshalipa nusu. Amempigia muuzaji simu mbele yetu, kwa adabu, akaeleza. Muuzaji amesema fedha iliyopokelewa hairudi, ila kwa kuwa ni mteja mzuri yuko tayari kumbadilishia, ampe kingine, kikubwa zaidi, kule juu karibu na msitu.

Kijana ameomba nimrudie kwa utaratibu: ukingo wa korongo unaangaliwaje, ufa unatafutwa wapi, chemchemi mpya inamaanisha nini, na ule mti uliopinda shina chini kisha ukanyooka juu unasema nini kuhusu ardhi ulimoota. Amerekodi kwenye simu. Balozi amesema yeye pia anataka kusikia, na kuna wengine wanne aliowaona wakipima viwanja wiki hii. Kesho saa moja tunapanda wote kwenda kukiona hicho cha juu.